Simu ya Janine

Port Harlan, Ohio
12 Juni 2016

Kwako mwanangu Elliott,

Naamini u mzima na unakula chakula cha maana, si yale majani mnayotafuna huko California. Sisi huku tunapumua. Baba yako mdogo Andor goti limemvimba tena, na hospitali hataki kusikia. Anasema hawezi kuvuliwa suruali na daktari ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuendesha baiskeli. Dolores wa jirani analeta bakuli la tambi kila kukicha, kana kwamba mfiwa ana matumbo mawili. Kanisani wamemwombea tena Janine. Nilitoka nje kabla ya amina.

Usishangae kuona karatasi. Nikikupigia unaniambia, "Shikamoo Shangazi, niko kikaoni." Karatasi haina kikao.

Jambo lenyewe ni hili. Asubuhi ile ya Jumamosi, mdogo wako Janine alipokwenda sokoni akakutana na bomu, simu yake aliisahau jikoni kwenye chaji. Ninayo. Siku za kwanza ilikuwa inalia na kulia, nami nashindwa hata kuigusa. Sasa imenyamaza. Nimejaribu tarehe yake ya kuzaliwa, yangu, ya marehemu baba yake, hata ya mbwa. Imezikataa zote, na sasa inatishia kwamba nikikosea tena itajifuta yenyewe.

Mle ndani imo sauti ya mwanangu, Elliott. Unamjua kwa uvivu wa kuandika, yeye ujumbe wake mwingi alikuwa anautuma kwa sauti. Aliokuwa ananitumia mimi nilikuwa naufuta ili simu isijae. Nilikuwa naufuta kwa kidole changu mwenyewe! Wewe kazi yako ni kufuli za simu hizi hizi. Panda ndege siku moja uje unifungulie. Sikuombi kingine.

Na huyo mkubwa wa kampuni yenu nimemwona kwenye televisheni akikataa kuifungulia serikali simu ya yule muuaji wa sokoni. Eti faragha. Muuaji amekufa na bomu lake. Faragha ya maiti ni jeneza. Nieleze, maana hapa watu wananiuliza wewe u upande gani.

Shangazi yako,
Rosalie


San Jose, California
3 Julai 2016

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako iliwahi, mimi ndiye niliyechelewa. Nakula vizuri. Mwambie Baba Andor asipokwenda hospitali nitamtuma yule daktari amfuate kwa baiskeli. Huku ni joto tu, na nyumba yangu imejaa masanduku ambayo sijayafungua tangu nihamie.

Habari za kazini wanasheria wametukataza kuzitaja, iwe kwa simu au kwa barua pepe. Karatasi hawakuitaja, nadhani waliisahau tu. Hata hivyo sisemi.

Kuhusu simu ya Janine, nakuomba usiibonyeze tena. Ifunge kwenye kitambaa uiweke kabatini. Njia ya kufungua simu ya zamani kama ile ipo, sitakudanganya, lakini mimi sitaifanya. Alipoifunga alikuwa na akili zake timamu, Shangazi. Ni kama mtu aliyefunga mlango wa chumba chake.

Najua hili ni jibu bovu. Ila usimpe mtu yeyote simu ile. Yeyote yule.

Elliott


Port Harlan
17 Julai 2016

Elliott,

Salamu nakupa kwa kuwa mama yangu alinifunza adabu. Andor amekubali kupasuliwa goti, analia kama mtoto. Nyanya zimeanza kuiva.

"Mlango wa chumba chake." We mtoto, katika nyumba hii mlango uliofungwa naufungua kwa bega, na wewe unajua, maana nilikufungulia hivyo hivyo ulipojifungia siku tuliyomzika baba yako. Ulikuwa mdogo hivi, umejikunyata nyuma ya kitanda, na hukuniambia habari za faragha. Ulinishika shingo.

Sikuombi simu za dunia nzima. Nimeomba ya mwanangu.

Basi nimempa Afisa Pruitt. Huyu ni mpelelezi wa serikali kuu anayekuja hapa tangu wiki ya msiba, kijana mpole, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nilimkatia kipande cha keki nikamwuliza, "Hii mnaweza kuifungua?"

Akaigeuza geuza. "Mama Bodnar, hii si kama ya muuaji. Ile ni mpya, imetushinda. Hii ya zamani tuna mashine yake."

"Na sauti zake mtanipa?"

"Zote, mama. Weka sahihi hapa."

Nikaweka. Kumbe ni jambo jepesi hivyo. Mtu baki amelifanya kwa kipande cha keki, na mtoto niliyemlea limemshinda.

Usiniandikie mpaka uwe na la maana.

Rosalie


Port Harlan
4 Septemba 2016

Elliott,

Hukuandika. Nilikukataza, ni kweli, lakini tangu lini ukawa mtu wa kutii? Andor anatembea kwa mkongojo na anajidai hauhitaji. Dolores ameacha tambi amehamia kwenye supu. Mimi usingizi umenikimbia, na nitakwambia kwa nini.

Pruitt alikuja Alhamisi na mwenzake, mtu mzima mwenye shingo nene, ambaye hakuvua viatu. Hawakutaka keki. Yule mwenye shingo ndiye aliyesema.

"Mama, unamfahamu mtu anayeitwa Hisham Daouk?"

"Simfahamu."

"Anapiga eksirei hospitali ile ile alikokuwa muuguzi binti yako. Alikuwa na uhusiano naye."

"Uhusiano gani?"

Wakatazamana. Halafu akafungua kompyuta yake mezani kwangu akaanza kusoma. Alisoma mambo ya mwanangu, Elliott, maneno ya mwanamke na mpenzi wake, kwa sauti ya mtu anayetaja vipuri vya gari. Nikamwambia, "Inatosha." Akasema, "Bado kidogo." Nikapiga meza vikombe vikaruka. "Nimesema basi! Hayo hakuniandikia mimi, na wewe hakukuandikia!"

Pruitt akaangalia dirishani. Mwenzake akasoma moja tu la mwisho. Ijumaa jioni Janine aliandika: "Kesho ndiyo siku. Tunalipua bomu, liwalo na liwe." Na huyo Hisham akajibu: "Niko tayari. Mungu atusaidie."

"Na kesho yake bomu likalipuka," akasema. "Binti yako alikuwepo pale pale, na simu aliiacha nyumbani. Kwa nini mtu aache simu yake nyumbani, mama?"

Ilinichukua muda kuelewa anachouliza. Nilipoelewa niliwafukuza. Nilimfukuza mtu wa serikali kwa mwiko wa kukorogea uji, na Dolores ni shahidi, alikuwa uani kwake. Nikawaambia wanipe sauti za mwanangu. Pruitt akajibu akifunga kamba za viatu, hata hakuniangalia. "Samahani, mama. Sasa hivi ni ushahidi."

Huyo Hisham walimkamata siku ile ile. Televisheni imemwonyesha amefunikwa jaketi kichwani. Jina la Janine bado hawajalitaja. Bado. Kila gari likipunguza mwendo nje nahisi wamekuja kuniambia mwanangu alijilipua.

Swali langu ni moja, na unijibu upesi. Ulijua?

Rosalie


San Jose
10 Septemba 2016

Shangazi,

Shikamoo. Hali za wote huko nitaziuliza siku nyingine, leo naanza na swali lako.

Nilijua. Alinipigia wakati wa Krismasi, akacheka kwanza kabla hajasema neno, unajua alivyokuwa. "Kaka, nimepata mtu. Ila Mama akisikia jina tu, ataanguka." Aliogopa maneno uliyokuwa unayasema mezani kila ilipokwisha taarifa ya habari, kuhusu watu wenye majina kama ya Hisham. Unayakumbuka, sina haja ya kuyaandika. Alinitaka niape, nami nikaapa. Kwa hiyo ule mlango niliokuambia usiufungue, mimi nilikuwa nimeushikilia kwa ndani.

Bomu walilokuwa wanalisema ni habari yenyewe, Shangazi. Walitaka waje kwako Jumamosi jioni wakuambie wanaoana. Hayo tu. Fikiria siku zile: hakukuambia chochote cha jioni hiyo? Likikujia, tafuta wakili, uende naye ukaseme. Usiseme kwa simu, na usimwambie Pruitt peke yake jikoni.

Na la kwangu, kwa kuwa sasa hakuna la kuficha. Serikali imepata amri ya mahakama kwamba kampuni iandike programu ya kuvunja kufuli la simu ya muuaji. Kampuni imekata rufaa. Lakini wanaoweza kuiandika programu hiyo ni watu wachache sana, na mmoja wao ni mimi. Ndiyo maana kila ukipiga simu niko kikaoni. Vikao ni kweli.

Elliott


Port Harlan
2 Oktoba 2016

Mwanangu,

Hapa kumeanza baridi, na Andor ameutupa mkongojo akaanguka kwenye ngazi za kanisa, bahati yake akamwangukia padri. Sisi wengine hatujambo kidogo.

Limenijia. Ijumaa ile Janine alirudi kazini akaniambia, "Mama, kesho usiende kucheza bingo. Pika kuku wa paprika, ila usitie mafuta ya nguruwe, tia ya kawaida." Nikamwuliza, "Kwani nani amekuwa mgonjwa wa moyo?" Akasema, "Mgeni wangu tu." Nikabisha, nikamwambia kuku wa bibi yetu bila mafuta ya nguruwe ni kuku wa hospitali. Akanibusu kichwani. Asubuhi krimu haikuwepo, pilipili hoho hazikuwepo, akatoka mbio kwenda sokoni na simu akaiacha kwenye chaji. Hiyo ndiyo sababu mtu anaacha simu nyumbani. Alitumwa krimu.

Dolores ana binamu yake wakili, Bi Odette Marsh, mwanamke mfupi anayesema kama anatwanga. Tulikwenda naye kwa mwendesha mashtaka. Nikaeleza yote, mpaka ya nguruwe. Akanisikiliza ameinamisha kichwa kama yuko msibani, kisha akasema, "Pole sana, mama. Lakini kuku si ushahidi."

Bi Odette akamjibu, "Na mzaha wa wapenzi ndiyo ushahidi?"

"Mzaha wenye neno bomu, siku moja kabla ya bomu," akasema. Halafu akanigeukia. "Kama huyu Daouk hana hatia, simu ya muuaji ingetuonyesha. Imefungwa. Labda umwulize mpwa wako kwa nini."

Elliott, mimi sikumwambia nina mpwa. Bi Odette hakumwambia. Tulitoka pale hatuzungumzi mpaka tulipofika garini, na hata garini tulinong'ona.

Nilikwenda kumwona Hisham. Wanaongea na mgeni kupitia kioo. Ni mwembamba, masikio makubwa, amenyolewa vibaya. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, lakini yeye akanitangulia. "Samahani, Mama Bodnar. Nilikusudia kuja na maua." Maneno yangu ya mezani nayajua, mwanangu, hakuna haja ya kunikumbusha tena. Nilikuwa nayasema na mwanangu ananipakulia mchuzi.

Tena simu ya Janine niliwapa mimi. Mimi ndiye niliyemweka pale nyuma ya kioo.

Kwa hiyo nakuomba kwa mara ya pili, na safari hii si kwa ajili yangu. Ifungue ile ya muuaji. Waone Hisham hayumo, wamtoe. Hilo la dunia nzima mtalizungumza baadaye, mtu akiwa nje.

Shangazi yako


San Jose
16 Oktoba 2016

Shangazi,

Shikamoo. Mpe pole padri.

Barua yako niliisoma nikaenda kazini nikaketi. Sikumwambia mtu. Niliianza programu ile kwa ajili ya Hisham, peke yangu, nikaandika siku kadhaa nikisema ni kazi nyingine. Nikaijaribu kwenye simu iliyokuwa mezani kwangu, aina ile ile ya muuaji. Ikafunguka kama kopo la maziwa.

Nilipaswa kufurahi. Nikamfikiria Pruitt akivua viatu mlangoni kwa mtu. Nikamfikiria na yule mwenzake, na sauti yake ya vipuri vya gari. Kitu nilichokitengeneza hakikujua simu ya muuaji ni ipi. Kingefungua yako, ya Andor, ya Bi Odette, ya mwendesha mashtaka mwenyewe, na kila aliyewahi kuandika mzaha Ijumaa. Janine hakuuawa na neno lake, lakini neno lake lilitosha kumfunga mtu, na hiyo ilikuwa simu moja tu.

Nikaifuta. Nilihakikisha haiwezi kurudi. Kisha nikaandika barua ya kuacha kazi, ili mahakama ikiilazimisha kampuni, mimi nisiwepo.

Nisikilize sasa. Najua maana yake. Ningeweza kumtoa Hisham na sikumtoa. Sina uhakika kama nimefanya vema. Kuna saa nasema ndiyo, nikisimama kunawa uso nasema hapana. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Ila tafadhali usiache kuandika.

Elliott


Port Harlan
20 Novemba 2016

Mwanangu Elliott,

Umekaa bila barua yangu muda mrefu. Sikuwa nimekukasirikia. Nilikukasirikia wiki ya kwanza, nikamaliza, kisha nikawa na shughuli. Andor hajambo, goti jipya linamtabiria mvua kuliko la zamani. Dolores anakuuliza kama ni kweli huna kazi, maana ana mpwa wake anatafuta mume, na anasema asiye na kazi angalau yupo nyumbani.

Utakuwa umesikia: serikali ilipata mtu mwingine, nchi nyingine huko, akawauzia njia. Kesi ya kampuni yenu wakaiacha katikati. Wewe ukafuta, na wao wakanunua. Niliposikia nilicheka kicheko kibaya, nikakuonea huruma, na wakati huo huo nikasema alhamdulillahi kama wasemavyo kina Hisham. Ile simu wakaifungua. Bi Odette aliambiwa kilichokuwemo: picha za mbwa wa huyo muuaji, michezo ya karata, na matusi aliyokuwa anajiandikia mwenyewe. Hisham hayumo. Janine hayumo. Hakuna mtu yeyote. Alikuwa peke yake na chuki yake.

Hisham wakamtoa kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyemwomba radhi. Bi Odette alidai japo mstari mmoja wa maandishi, wakamwambia uchunguzi haujafungwa. Hospitali wamempa mtu mwingine mashine yake ya eksirei. Analala kwa dada yake, na asubuhi anakuta gari jeupe limeegeshwa ng'ambo ya barabara.

Hatutakubaliana mimi nawe, nakwambia wazi. Ningekuwa na kidole chako ningeifungua, nikamtoa yule mtoto mapema, kisha nikalia baadaye. Lakini nimekaa nikafikiri juu ya yule mwenye shingo nene kuyasoma ya Janine mezani kwangu, na nimefurahi kwamba si wewe uliyempa ufunguo. Yote mawili yamo ndani yangu na hayapatani. Nimeacha kuyapatanisha.

Jana Jumamosi nilimwalika. Alikuja na maua, ya kituo cha petroli, mekundu, akayashika kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenziwe. Nilipika kuku wa paprika kwa mafuta ya kawaida. Elliott, ni mtamu. Miaka yote hii nabisha bure.

Alikula kidogo. Kisha akaweka uma chini.

"Mama Bodnar, sauti zake ulizoziomba, wamekupa?"

"Hawajanipa. Ni ushahidi."

"Mimi ninazo. Simu yangu wamenirudishia jana." Akaitoa, akaiweka mezani, mkono juu yake. "Nyingi ni zangu mimi na yeye. Hizo naomba uniachie."

"Sizitaki," nikamwambia, na ilikuwa kweli. Laiti ungeniona.

"Ila kuna moja nadhani ni yako."

Akabonyeza. Kwanza sauti ya maji ya bomba. Halafu mtu anaimba, vibaya, wimbo wa Kihungaria wa mama yangu, anarukaruka maneno. Halafu Janine, karibu kabisa, ananong'ona huku akizuia kicheko: "Msikilize. Anadhani niko juu nimelala. Kila siku hivi. Hisham, siku ukija hapa usimwambie umesikia, ataacha."

Basi. Maji yakaendelea, nami nikaendelea kuimba, na yeye anapumua pale nyuma ya mlango ananisikiliza.

Kumbe nilikuwa nasikilizwa ndani ya jiko langu mwenyewe, na sikujua.

Nilimwambia airudie. Akairudia. Nikamwambia tena. Alipoona nimefunika uso kwa aproni, aliinuka akaanza kuosha vyombo, mkono wa shati umekunjwa, kama mtu wa nyumbani. Nje ya dirisha mbele yake lile gari jeupe lilikuwepo, limemfuata mpaka kwangu. Aliliona, nami nikaona ameliona. Nikamwambia, "Acha vyombo. Rudi ukae, hujamaliza chakula chako."

Akarudi akakaa. Nikampakulia.

Njoo nyumbani, Elliott. Chumba chako kipo.

Akupendaye daima,
Shangazi Rosalie